Gameli Iliyorudi Safi

Mara ya tatu kuona maneno yale katika kaye, daftari la shule la binti yangu, sikungoja hata kuvaa viatu vya kutokea. Nilitoka na sandali za nyumbani, kitambaa cha jikoni begani, nikaenda kwa miguu mpaka shuleni huku jua la saa sita likinichoma utosi. Metresi, mwalimu wake, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: mtoto anakuja bila chakula, wazazi wazembe. Wazembe. Mimi ninayeamka kabla ya jogoo wa jirani, ninayewasha mbabula ya makaa, ninayesonga bukari, ninayekaanga matembele, ninayefunga gameli, bakuli la bati la chakula, kwa kitambaa na kuibeba mwenyewe mpaka kwenye lango la shule, kwa kuwa mtoto wa miaka saba akiibeba ataimwaga njiani. Mara ya kwanza nilifikiri amechanganya kaye za watoto. Mara ya pili nilimuuliza Gloria, akanijibu, "Metresi hakuniona, Mama." Mara ya tatu subira yangu ilikatika kama kamba kuukuu ya kuanikia nguo, na nguo zote zikaanguka kwenye vumbi.

Niseme kwanza mambo ya shule hiyo. Mwaka huu wamefungua kantini. Wali, au spageti, na soseji moja iliyokatwa vipande ionekane nyingi. Watoto wa kantini wanakula ndani, mezani. Watoto wenye gameli za nyumbani wanakula nje, chini, karibu na kibanda cha zamu, yaani mlinzi wa lango, wakitazama barabara na malori ya madini yanayopita. Directrice, mkuu wa shule, alitueleza kwamba ni kwa sababu ya harufu ya bitoyo, yule samaki wa chumvi, isiingie darasani. Nilisaini karatasi yake. Nilijiambia: mtoto atakula, awe ndani awe nje, tumbo halina macho.

Kununua sahani ya kantini sisi hatununui. Siyo kwamba hatuwezi kabisa. Sahani moja pale ni unga wa nyumba nzima kwa siku mbili, na mume wangu anaendesha moto, pikipiki ya abiria, na tunatafuta parseli, kiwanja cha kujenga, mahali ambapo watu bado hawajachimba chini ya ardhi, na hapa Kolwezi mahali hapo panazidi kuwa mbali. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna anayekula nje. Wala kantini, wala malewa, vile vibanda vya chakula vya kando ya barabara. Tunapika, tunafunga, tunabeba.

Basi nilimkuta metresi langoni.

"Metresi, miye njo mama Gloria. Unionyeshe siku moja, moja tu, mutoto wangu alikuya bila chakula."

"Mama, tulia kwanza."

"Niko mutulivu. Sina viatu, lakini niko mutulivu."

Zamu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Metresi, msichana mdogo kuliko mimi, alifunga daftari lake taratibu.

"Mama, mi siandiki bongo, mi si muongo. Mutoto mwenyewe njo alisema. Nilimuuliza mbele ya benzake, Gloria, gameli yako iko wapi? Akajibu, Mama hakupika."

Nilimtafuta Gloria kwa macho nikamwona amesimama karibu na ua wa majani, anatazama ncha za viatu vyake. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilikwenda nyuma ya ule ua, nikainama, nikaikuta gameli yangu, kitambaa bado kimefungwa fundo langu, sisimizi wamejipanga mstari mpaka kwenye kifuniko. Nilipoifungua ikatoka harufu ya bukari iliyopoa, ile yenye ngozi juu, na bitoyo, na matembele yaliyolala. Mkono uliokuwa tayari kumpiga mtoto ulishuka wenyewe. Maneno yale, Mama hakupika, niliyasema kabla yake, na niliyasema vibaya zaidi.

Nilikulia Kapata, kwenye zile nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, zote sura moja, hata mlevi anaweza kulala kwa jirani akidhani ni kwake. Baba alikuwa amefanya kazi kampuni mpaka mshahara ukawa hadithi na posho ya unga ikakoma. Akachukua sururu na nyundo, akaenda kuchimba pamoja na vijana waliotoka kila pembe ya Congo, watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipoanza kazi. Hakulalamika. Aliondoka asubuhi na kofia yake ya zamani ya kampuni, akarudi jioni mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope.

Mama yeye alitoka upande wa Sandoa, na alipika kama mtu anayepigana vita. Moto mmoja wa makala, yaani makaa, ulifanya kazi tatu: kwanza maharagwe au sombe, majani ya muhogo, halafu maji ya kuoga, mwisho bukari. Akimaliza anayamwagia makala yale maji kidogo, anayaanika, kesho yanawaka tena. Samaki mmoja wa bitoyo alilala katika maji usiku mbili ili chumvi yake itoke iingie kwenye mboga, ndipo kichwa chake, mwili wake na mkia wake vikalisha siku tatu. Wakati wa mvua alianika matembele juu ya bati ili tuyale wakati wa kiangazi, matembele yalipokuwa ghali sokoni. Akisonga bukari, alikwangua chungu mpaka chungu kinalia.

Sababu ya vita hiyo ilikuwa moja. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa kule Sandoa, na Mama alitaka kwenda kumwona angali anajua nani ni nani. Njia ni mbaya, lori si la bure, na huendi kwa mama yako mgonjwa mikono mitupu. Kila faranga ambayo Baba hakuila kwenye malewa iliingia kwenye kopo la maziwa ya unga lililofichwa nyuma ya magunia. Mi nilijua habari ya kopo. Nilijua na habari ya bibi. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na bibi ambaye hujawahi kumwona ni kama mji ambao hujafika. Unaambiwa upo, unakubali, unaendelea kucheza.

Kazi yangu, wakati huo shule ilipokuwa asubuhi tu, ilikuwa kumpelekea Baba chakula cha mchana. Mama alifunga gameli, chini bukari, juu mboga, akakaza fundo, akanitwika kichwani. Nilipita nyuma ya nyumba za mwisho, nikafuata reli, nikapita kichuguu kikubwa, nikafika mahali wachimbaji walipopumzika. Kulikuwa pale na malewa ya Mama Rejine, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisa, masufuria yake makubwa yanatoa mvuke, wali mweupe, nyama katika mafuta mekundu. Vijana waliketi kwenye benchi zake, wanakula na vijiko, wanaita soda. Baba aliketi juu ya jiwe, kando, anafungua kitambaa cha Mama.

"Tata Gameli," walimwita, yaani Baba Gameli. "Tata Gameli, leo muke wako amekutumia nini? Tena majani?"

"Majani," Baba alisema.

"Hii mbuzi yetu ya kampuni itakufa na majani mu tumbo."

Wakacheka wote. Baba naye akacheka. Akanawa mikono kwa maji ya kidumu, akakata tonge, akasema, "Ninyi kuleni tu. Banakula parseli yabo, bale. Kila siku sahani moja ya ukuta."

Leo nasikia vizuri alichokisema. Wakati ule sikusikia maneno, nilisikia kicheko. Nikafikiri Baba anacheka kama mtu aliyepigwa mbele za watu anavyocheka, ili aonekane hakuumia. Nilitazama mikono yake yenye udongo ikiingia katika bukari, nikatazama vijiko vya wale vijana, nikamwonea haya. Nikamchukia Mama kidogo, yeye na fundo lake. Niliona ni yeye anayemfunga Baba kitambaa machoni pa watu.

Na kulikuwa na desturi yetu sisi wawili, mimi na Baba. Hakumaliza kamwe. Aliacha tonge moja na kichwa cha samaki katika gameli, akanipa. "Mushahara wa mwenye kubeba," alisema. Nilikula pale pale, nimechuchumaa, nikinyonya mifupa, huku macho yangu yakiwa kwenye nyama ya Mama Rejine. Nisidanganye. Haya niliyomwonea Baba ilikuwa ya kweli, lakini njaa ya ile nyama ilikuwa ya kweli pia, na sijui mpaka leo ipi ilinisukuma.

Siku hiyo nilisimama kwenye kichuguu. Palikuwa na mbwa pale, wa rangi ya vumbi, sikio moja limekatika. Nilishusha gameli, nikafungua, nikamwaga bukari na mboga kwenye nyasi. Mbwa hakuamini. Alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha nikaenda kwa Baba mikono mitupu, gameli nimeificha nyuma ya kichuguu, nikasema, "Mama hakupika leo."

Nakumbuka Baba alivua kofia akaitazama ndani, kama jibu limeandikwa mle. Halafu akanyanyuka, akaenda kwenye benchi ya Mama Rejine, na wale vijana wakampigia meza kwa viganja, "Tata amefika, Tata amefika." Alikula wali na kijiko. Alinikatia kipande cha nyama. Nilikitafuna muda mrefu, nikamwona Baba katikati ya wanaume wengine, na nikajisikia kama ni mimi niliyemwinua kutoka kwenye lile jiwe.

Nilifanya hivyo siku nne mfululizo.

Kitu ambacho mtoto hakukijua, na ambacho mtu mzima yeyote wa kwetu anakijua, ni hiki. Mwanamke anaweza kugombana na mumewe, anaweza kumnunia, anaweza kulala chumba cha watoto. Hayo ni maneno. Lakini mwanamke asiyempikia mumewe amesema neno la mwisho. Na mwanaume wa kwetu haulizi, "Juu ya nini hukunipikia?" Kuuliza ni kuomba, na chakula cha mke hakiombwi. Anakaa kimya, anahesabu moyoni, na siku ikifika anakwenda kwa kaka yake. Juma lile lile walikuwa wamebishana juu ya safari ya Sandoa, Baba alitaka ingoje kiangazi. Kwa hiyo aliposikia kutoka kinywani mwangu kwamba Mama hakupika, hakusikia habari ya chakula. Alisikia jibu.

Jioni Mama aliweka bukari mbele yake. "Nimeshiba," alisema, na alikuwa ameshiba kweli, wali wa Mama Rejine. Mama akatazama sahani, akatazama uso wake. Mume anayerudi ameshiba siku tatu, siku nne, naye mwanamke wa kwetu anajua anachopaswa kufikiri. Hakuuliza pia. Wawili hawa walizunguka nyumba ile ndogo kama watu wanaopishana kwenye daraja, na mimi katikati nimekaa na kazi yangu ya nyumbani, nachora ramani ya Congo.

"Baba alikula?" Mama aliniuliza kila mchana niliporudisha gameli.

"Alikula."

"Alimaliza?"

"Alimaliza."

Niliiosha kwenye bomba la mwisho wa mstari ili isiwe na alama. Siku ya nne Mama aliishika juu, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa safi. Gameli ambayo wanaume wamekula juani hairudi safi. Inarudi na bukari imekauka pembeni mpaka uiloweke. Mlangoni, nyuma yangu, mbwa wa sikio moja alikuwa ameketi. Alikuwa amenifuata mpaka nyumbani, anapiga mkia chini, anaitazama gameli mikononi mwa Mama kama mtu anayemtambua rafiki.

Jumapili, baada ya misa, Baba Mukubwa alikuja, kaka yake Baba, na Tantine dada yao, wote na nguo za kanisa. Tuliazima viti kwa majirani, na kwa kuazima viti mstari mzima ulijua kuna kesi. Mama alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Baba alitazama ukuta.

Baba Mukubwa alisafisha koo. "Shemeji, hatukukuya kwa kelele. Ndugu yetu hasemi, lakini tunamuona. Siku nne unamuacha na njaa kule ku mashimo. Mutu anatoka mu udongo, hana hata tonge. Kama umechoka naye, sema, tutakurudisha kwenu na heshima."

"Nilipika," Mama alisema.

"Ulipika?"

"Kila siku nilipika. Bukari, na matembele, na bitoyo. Nilifunga, nilituma."

Ndipo Baba akageuka kutoka ukutani. Mara ya kwanza kwa siku nyingi alimwambia Mama neno moja kwa moja. "Ulituma, basi ilienda wapi?"

Tantine alipiga kofi la taratibu, lile la kusikitika. Baba Mukubwa akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Weye mutoto, kuja hapa. Usiogope. Mama yako alikupatia gameli, ndiyo ao hapana?"

Kila mtu mwenye umri wangu anajua nafasi ile ilivyo, pale ambapo ukweli bado uko karibu, unaweza kuushika kwa mkono. Ningesema, nimemwaga. Ningepigwa. Fimbo ya Baba Mukubwa niliijua, inauma siku mbili, siku ya tatu unacheza tena. Lakini niliona vijana kwenye benchi, niliona kicheko chao kikiingia nyumbani, niliona Baba akijua kwamba mimi, mwenye kubeba, ndiye niliyemwonea haya. Hilo ndilo sikuweza.

"Hapana," nilisema. "Mama hakupika."

Nilitazama viatu vyangu. Nilipoinua macho, Mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nje, kivulini, pale mbwa wa sikio moja alipolala kichwa juu ya miguu, tumbo lake limejaa, manyoya yake yameanza kung'aa kama ya mbwa wa mzungu. Alimtazama muda mrefu. Halafu akanitazama mimi, mara moja tu, kama unavyomtazama mtoto aliyelala ili kujua kama amefunikwa.

"Kama mutoto amesema," alisema Mama, "ni vile. Sikupika. Mutanisamehe."

Wakamsamehe. Kusamehewa kwetu kuna bei, na bei ilikuwa mbuzi kwa ukoo wa Baba, pamoja na kinywaji cha wazee. Kopo la maziwa lilitoka nyuma ya magunia. Nilimwona Mama akilifungua kwa ncha ya kisu, kama anavyofungua kopo la chakula, na alipomaliza hakulirudisha nyuma ya magunia. Aliliweka jikoni, akalitia chumvi.

Jumatatu mchana aliniita. Gameli ilikuwa tayari, kitambaa kile kile, fundo lile lile. Niliingoja fimbo. Niliingoja hata kwa hamu. Alinitwika mzigo kichwani, akaunyoosha usiegemee.

"Nenda," alisema. "Baba yako eko na njaa."

Nikabeba. Nilipita kichuguu bila kusimama, mbwa nyuma yangu. Baba alikula juu ya jiwe lake, taratibu, na vijana hawakumtania siku ile, sijui kwa nini. Aliniachia tonge na kichwa cha samaki. Sikuweza kuvimeza. Nilimtupia mbwa.

Mbwa yule hakuondoka tena. Mama, mwanamke aliyekwangua chungu mpaka kinalia, mwanamke ambaye kwake punje ya maharagwe ilikuwa na jina, kila jioni alikata tonge moja akamtupia. Miaka mingi. Nami kila jioni niliona mkono wake ukitupa, nikainama juu ya sahani yangu.

Kiangazi kilipofika, dereva wa lori alileta habari kutoka Sandoa. Bibi alikuwa amezikwa tayari. Mama alitoka nje akaketi chini, mbele ya mbabula, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa mkononi. Makala ya jana yalikuwa pale, yameanikwa, tayari kuwaka. Hakuyawasha. Ile ndiyo siku ambayo kweli Mama hakupika. Majirani ndio walioleta bukari, Baba akaipokea mlangoni, na nikamwona akiwa amesimama na sahani ya watu mkononi, anamtazama mkewe, hajui aiweke wapi.

Sikusema siku ile. Sikusema nilipopata kipaimara, nikaenda kwa padri na orodha ya dhambi ndogo ndogo, nikaiacha hiyo nyumbani. Baba alikufa hajui. Nilipomaliza sekondari Mama alinunua soda, akaalika mstari mzima, na hapo pia sikusema.

Mama aliugua nikiwa na mimba ya Gloria. Hospitali zetu mgonjwa hulishwa na nyumbani kwake, kwa hiyo nilipika, nikafunga, nikabeba. Matembele, bukari laini, samaki nimetoa miiba. Alikuwa amebaki mdogo kitandani kama nguo iliyosahauliwa. Nilifungua fundo, nikamwinulia kifuniko. Akachungulia ndani. Akanitazama, na mdomo wake ukasogea upande mmoja, ule upande wake wa kutania.

"Imefika yote?" aliuliza.

Miaka ile yote. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu, mgonjwa wa kitanda cha pili amelala.

"Imefika, Mama," nilisema.

Akatikisa kichwa, akafungua mdomo nimlishe. Alikula matonge matatu, la nne akaliacha. Alilisukuma kwa kidole upande wangu wa gameli. Hapo ndipo nilipotoka nje kwenda kulia kwenye ukuta wa hospitali, na niliporudi alikuwa amelala, na hatukuongea tena habari ya chakula.

Kwa hiyo siku hiyo nyuma ya ua wa shule, gameli mkononi, sisimizi wananipanda kiwiko, sikuwa na haki ya kumpiga mtu. Nilimshika Gloria mkono tukaondoka mbele ya metresi, mbele ya zamu. Njiani alitembea nusu hatua nyuma yangu, anangoja. Najua jinsi kungoja kule kunavyouma kuliko fimbo, kwa hiyo sikumngojesha. Nilimweleza yote, tangu kichuguu mpaka mbuzi. Mtu wa kwanza kuyasikia ni mtoto wa miaka saba, kwenye vumbi la malori.

Alifikiri mpaka tulipofika kwa fundi wa moto.

"Ile mbwa," aliuliza, "ilikufa?"

"Ilizeeka, ikakufa."

"Ilikuwa na jina?"

"Hapana. Mama alikuwa anaiita tu, weye."

Tukatembea tena. "Pale ku lango," alisema, "batu banapita banatuona. Batoto ba kantini banatuita batoto ba zamu. Mi nilisema hukupika juu hivi nitabaki mu darasa na kitabu. Mwenye hana chakula, banamuachaka ndani."

Nikasimama. Shule hiyo imepanga mambo hivi: mtoto ambaye mama yake hakupika anabaki kivulini na kitabu, na mtoto ambaye mama yake alipika anatolewa nje akatazamwe na malori. Hapo hata mtu mwema atasema bongo. Hasira yangu ilirudi, lakini sasa ilijua nyumba ya kwenda.

Niliandika usiku ule ule na nikarudia asubuhi kwa mwandiko safi. Kwa Kifaransa, kile nilichofundishwa sekondari, na mistari yake ya juu: nani anaandika, kwa nani, kuhusu nini. Nililalamikia mambo matatu bila kupamba. Kwamba watoto wenye chakula cha nyumbani wanatengwa kama wenye upele. Kwamba mwanangu aliulizwa mbele ya wenzake swali ambalo mtoto hawezi kulijibu bila kumuuza mtu. Kwamba mara tatu shule iliandika mimi mzembe, na haikutuma mtu kuniita hata mara moja. Niliomba maneno yale yafutwe katika kaye, na watoto wote wakae meza moja, mwenye soseji na mwenye bitoyo. Nakala kwa kamati ya wazazi, nakala kwa ofisi ya elimu.

Nilipofika mwisho, Kifaransa kilinishinda. Sikukosa maneno yake. Nilikosa mtu ambaye ningemwambia kwacho. Nikaandika mstari wa mwisho kwa lugha ya nyumbani.

Sekretere wa shule, mwanaume mwenye miwani, aliisoma yote amesimama. Nilivaa viatu siku hiyo. Alifika chini, akarudi juu, akafika chini tena.

"Mama, barua ni nzuri. Lakini huku mwisho umechanganya luga. Nikupe karatasi ingine urudie?"

"Hapana, Tata. Acha vile."

"Na haiko na maana sana mu plainte, barua ya kulalamika. Directrice atauliza."

"Aulize. Nitamujibu. Piga muhuri."

Akaitazama mara nyingine, akatikisa kichwa, akapuliza muhuri, akaugandamiza karibu kabisa na maneno yale, wino ukagusa herufi ya kwanza. Akanipa nakala yangu. Ninayo hapa, nimeitia katika kopo la maziwa la Mama. Mstari wa mwisho unasema:

"Mama alipika. Mi najua, juu mi njo nilibeba."